Somo la Nne: Nani Anausimamia Mkono Unaopokea Fedha Zako?

Shabaha ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza: kukitaja chombo cha Serikali kinachosimamia kila huduma ya fedha anayoitumia; kuikadiria gharama ya mkopo kabla ya kutia sahihi; kujua kiasi cha akiba yake kinacholindwa na sheria; na kufahamu pa kulipeleka lalamiko lake, liwe linahusu fedha zake binafsi au fedha za umma.

1. Fedha zetu na tabia zake

Mji wa Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, umekaa kando ya barabara kuu itokayo Kahama kuelekea Nyakanazi na mipaka ya Rwanda na Burundi. Wilaya hii ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga mpaka mwaka 2012, ulipoanzishwa Mkoa wa Geita. Mikoa ilibadilika, lakini mwenendo wa fedha mikononi mwa wananchi haukubadilika sana. Mwalimu na muuguzi hupokea mshahara mwisho wa mwezi. Mkulima wa tumbaku au pamba hupata fedha baada ya mauzo ya msimu. Mchimbaji mdogo hupata siku duara linapotoa, na huenda wiki nyingi zikapita kabla ya siku hiyo kufika. Mama lishe anayewakopesha wachimbaji chakula hulipwa pale wao wanapolipwa.

Hali hiyo huzaa mahitaji mawili. Wakati wa ukavu, watu hutafuta wa kuwakopesha. Wakati wa mavuno au wa dhahabu, hutafuta pa kuziweka fedha ambazo zimekuja kwa mkupuo. Nyakati zote mbili hatakosekana mtu wa kujitokeza na kusema, "Mimi ninakopesha," au, "Niletee mimi nikuzalishie." Miongoni mwa wanaojitokeza wamo waaminifu wanaofanya kazi kwa leseni, wamo pia wasiojulikana na chombo chochote.

Kanuni ya somo hili ni moja. Kabla fedha hazijatoka mkononi mwako, na kabla hujatia sahihi ya kuzipokea, uliza: *huyu anasimamiwa na nani?* Likipatikana jibu, maana yake ipo sheria inayombana, upo mkaguzi anayemtazama, na upo mlango wa kubisha endapo utaonewa. Lisipopatikana, utabaki wewe na yeye tu, na siku ya ugomvi mwenye nguvu ndiye atakayeshinda.

2. Benki Kuu na madaraja manne

Benki Kuu ya Tanzania ilianza kazi mwezi Juni mwaka 1966. Wengi huijua kwa noti na sarafu, lakini wajibu wake ni mpana zaidi. Ndiyo inayotoa leseni kwa mabenki, inayoyakagua, na inayoweza kuyafunga. Vilevile, chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, inasimamia huduma za fedha kwa simu, na fedha za wateja zilizomo katika simu hutakiwa zitunzwe katika akaunti maalumu ya amana, mbali na fedha za kampuni yenyewe. Wakazi wa Kanda ya Ziwa huhudumiwa na tawi lake la Mwanza.

Kwa miaka mingi wakopeshaji wadogo hawakuwa na sheria moja ya kuwasimamia. Pengo hilo lilizibwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ambayo imewagawa watoa huduma katika madaraja manne:

- Daraja la kwanza ni mabenki na taasisi zinazopokea amana za watu. Msimamizi ni Benki Kuu.
- Daraja la pili ni kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, wakiwamo wanaokopesha kupitia simu. Msimamizi ni Benki Kuu.
- Daraja la tatu ni vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, yaani SACCOS. Msimamizi ni Tume ya Maendeleo ya Ushirika.
- Daraja la nne ni vikundi vya kijamii, kama VICOBA na vikundi vya kuweka na kukopa. Hivi husajiliwa na kusimamiwa kupitia halmashauri.

Mgawanyo huu una faida kubwa kwa mwananchi wa kawaida, kwa sababu unaonyesha mlango wa kubisha. Mwenye lalamiko dhidi ya SACCOS hapaswi kuanza na Benki Kuu, na aliyeonewa na kampuni ya mikopo hapaswi kumsumbua afisa ushirika.

Yafaa pia kukumbuka kwamba leseni ya biashara pekee haimpi mtu ruhusa ya kukopesha. Leseni ile inayotundikwa ukutani kwa duka lolote ni jambo jingine. Mkopeshaji wa daraja la pili lazima awe na leseni ya Benki Kuu. Mwombe akuonyeshe. Mwenye leseni halali hatachukia kuulizwa.

3. Hesabu ya mkopo: mfano

Tumchukue, kwa mfano, mama lishe anayehitaji shilingi 500,000 kununua mchele, maharage na mafuta ya kupikia wachimbaji kwa muda wa miezi 3. Wamejitokeza wakopeshaji wawili. Wote wanamtaka alipe riba kila mwezi, kisha arudishe mkopo wenyewe mwisho wa mwezi wa tatu.

Mkopeshaji wa kwanza hana leseni. Anatoa fedha papo hapo, kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Riba ya mwezi mmoja ni shilingi 150,000. Ya miezi 3 ni shilingi 450,000. Mama huyu atalipa jumla ya shilingi 950,000.

Mkopeshaji wa pili ana leseni ya daraja la pili. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba kwa daraja hilo kuwa asilimia 3.5 kwa mwezi. Hata akitoza ukomo huo wote, riba ya mwezi ni shilingi 17,500; ya miezi 3 ni shilingi 52,500. Jumla ya malipo ni shilingi 552,500.

Tofauti kati ya wawili hao ni shilingi 397,500. Kiasi hicho kinakaribia kulingana na mkopo wenyewe. Mkopo wa namna ya kwanza ndio ambao watu wameupa jina la "kausha damu", na jina hilo linaufaa.

Kuna mitego mitatu ya kuangalia. Mtego wa kwanza ni riba inayotajwa kwa wiki. Asilimia 10 kwa wiki husikika kuwa ndogo, lakini kwa wiki nne ni asilimia 40. Mtego wa pili ni ada zenye majina mengi: ada ya fomu, ada ya kufungua jalada, makato ya awali. Kwa hiyo usiulize riba peke yake, uliza, "Nitapokea shilingi ngapi mkononi, na nitarudisha shilingi ngapi kwa jumla?" Mtego wa tatu ni dhamana. Wako wakopeshaji wanaomtaka mtumishi au mstaafu aache kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Benki Kuu imekataza jambo hilo. Anayeacha kadi na namba yake ameukabidhi mshahara wake wote kwa mtu mwingine, na benki haitakuwa na lawama kwa fedha zitakazotolewa kwa namba ambayo mwenyewe aliitoa.

Mkopaji ana haki ya kupewa mkataba wa maandishi katika lugha anayoielewa, apewe muda wa kuusoma, na abaki na nakala yake. Usitie sahihi katika karatasi yenye nafasi zilizoachwa wazi. Zile nafasi zitajazwa baadaye, nawe hutakuwapo.

4. Mikopo ya simu

Mkopo wa simu hauna ofisi ya kuiendea wala uso wa kuutambua. Mtu hupakua programu, hujaza taarifa zake, na ndani ya dakika chache fedha huingia. Baadhi ya programu hizo huomba ruhusa ya kusoma majina na namba zote zilizomo katika simu. Siku ya malipo ikipita, ndugu, majirani na hata mwajiri huanza kupokea ujumbe wa kumfedhehesha mkopaji.

Mwezi Novemba mwaka 2024, Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za kukopesha ambazo zilikuwa zikifanya kazi bila leseni. Orodha za namna hiyo hubadilika. Kwa hiyo, kabla ya kupakua programu yoyote, litafute jina lake katika orodha ya wenye leseni katika tovuti ya Benki Kuu.

Kuhusu kufedheheshwa, fahamu kwamba ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayoisimamia. Deni halimpi mkopeshaji haki ya kuzitangaza habari zako kwa watu wasiohusika. Nawe kwa upande wako, dawa ya deni ni kulipa: kuonewa na mkopeshaji hakulifuti deni halali.

Ukipokea ujumbe wa utapeli, kama ule wa "ile hela itume kwenye namba hii", usiujibu. Iripoti namba iliyoutuma kwa kutuma ujumbe kwenda 15040.

5. Akiba yako benki ikifungwa

Wako watu ambao, wakishauza dhahabu au tumbaku, huzichimbia fedha ndani ya nyumba kwa kuhofia kuwa benki itafilisika. Hofu hiyo ina msingi, lakini ina jibu.

Mwezi Januari mwaka 2018, Benki Kuu ilizifutia leseni benki 5 ndogo ambazo mitaji yake ilikuwa imeshuka chini ya kiwango cha sheria. Miongoni mwao ilikuwamo benki ya ushirika ya wakulima wa Kagera, mkoa ulio jirani na Geita. Hapo ndipo ilipoonekana kazi ya Bodi ya Bima ya Amana. Bodi hiyo hukusanya michango kutoka katika mabenki, wala mteja hakatwi chochote. Benki ikifa, Bodi huwalipa wenye amana hadi kiwango kilichowekwa.

Wakati ule kiwango kilikuwa shilingi 1,500,000 kwa kila mteja. Mwaka 2023 kilipandishwa kuwa shilingi 7,500,000. Mwenye shilingi 6,000,000 katika benki iliyofungwa atalipwa zote. Mwenye shilingi 9,000,000 atalipwa shilingi 7,500,000 kwanza, na zile 1,500,000 zilizobaki zitategemea mali za benki zitakazopatikana katika ufilisi. Kwa sababu hiyo, mwenye fedha nyingi hufanya vema kuzigawa katika benki zaidi ya moja.

Kinga hii ni ya benki na taasisi zenye leseni ya kupokea amana. SACCOS na VICOBA hazimo. Huko kinga yako ya kwanza ni wewe mwenyewe: kuhudhuria mkutano mkuu, kuomba hesabu zilizokaguliwa, na kukataa daftari lililo mikononi mwa mtu mmoja. Hesabu za vyama vya ushirika hukaguliwa na Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO. Mwanachama anayo haki ya kuuliza mkaguzi alisema nini. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

6. Faida isiyo na kazi

Mwaka 2009 Serikali ilizuia shughuli za taasisi iliyoitwa DECI, iliyokuwa ikiwaalika wananchi "kupanda" fedha ili "wavune" zaidi baada ya muda mfupi. Maelfu ya watu katika miji mingi ya Tanzania walikuwa wamekwisha kupanda. Mwaka 2013 baadhi ya viongozi wake walitiwa hatiani na mahakama jijini Dar es Salaam.

Mchezo huu hurudi kila mara kwa jina jipya, siku hizi kwa njia ya simu. Kuutambua si kazi ngumu. Uliza: faida hii inatokana na kazi gani? Ikiwa inatokana na fedha za watu wapya wanaoingia, hesabu yenyewe itaumaliza. Kila mmoja akitakiwa kuleta watu 2, na kila mmoja wa hao alete 2, katika hatua ya 20 watahitajika watu wapya 1,048,576 kwa mkupuo mmoja. Hawatapatikana, na walioingia mwisho, ambao ndio wengi, watapoteza vyote.

Anayetaka kuwekeza kwa halali anavyo vyombo. Hisa, hatifungani na mifuko ya uwekezaji wa pamoja husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Bima husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa yule aliyenyimwa fidia yake bila sababu ya haki. Dhahabu nayo ina masoko yake rasmi yaliyoanzishwa mwaka 2019 chini ya Tume ya Madini, na soko la Geita lilikuwa la kwanza kufunguliwa. Huko mnunuzi ana leseni na bei huonekana, ambapo kwa mnunuzi wa kificho muuzaji hupimiwa kwa mizani asiyoijua.

7. Fedha za umma nazo ni zako

Mpaka hapa tumezungumzia fedha za mfukoni. Zipo fedha nyingine zilizotoka mfukoni humo humo: ushuru wa mazao, ushuru wa huduma, ada ya leseni, na kodi. Anayezilipa hapaswi kuzisahau pindi anapopokea stakabadhi. Malipo kwa Serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Anayekutaka umpe fedha mkononi bila namba hiyo na bila stakabadhi ya mashine, fedha zako hazitafika.

Sehemu ya mapato ya ndani ya halmashauri inarudi moja kwa moja kwa wananchi. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato hayo kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba. Mama lishe wa mfano wetu, akiwa na wenzake katika kikundi kilichosajiliwa, angeweza kuuomba badala ya kuingia katika "kausha damu".

Hata hivyo, mwezi Aprili mwaka 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo, baada ya ukaguzi kuonyesha kasoro kubwa, zikiwamo fedha zisizorejeshwa na vikundi visivyokuwapo kwa kweli. Ilirejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Tukio hili linatufundisha mambo mawili. Kwanza, kikundi hewa hakimwibii Serikali peke yake. Humnyima mkopo mama wa jirani. Pili, kasoro zile zilijulikana kwa sababu yupo anayekagua.

Huyo ni Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye wadhifa wake umewekwa na ibara ya 143 ya Katiba. Kila mwaka hukagua wizara, mashirika na halmashauri zote, ikiwamo ya Bukombe. Taarifa yake humfikia Rais kabla mwezi Machi haujaisha, kisha huwasilishwa bungeni na kuwa wazi kwa kila mtu. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwaita watendaji wa halmashauri wajieleze. Huku chini, mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kusomewa mapato na matumizi kila baada ya miezi 3. Mkaguzi huja mara moja kwa mwaka, lakini mwananchi anayehudhuria mkutano na kuuliza swali yupo siku zote.

8. Ukionewa, fuata hatua hizi

1. Kusanya ushahidi. Weka mkataba, stakabadhi, ujumbe wa simu na tarehe. Usitegemee kumbukumbu ya kichwani.
2. Anza kwa mtoa huduma. Andika barua fupi, baki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.
3. Nenda kwa msimamizi endapo hujaridhika: Benki Kuu kwa benki, kampuni za mikopo na fedha za simu, Tume ya Maendeleo ya Ushirika, kupitia afisa ushirika wa wilaya, kwa SACCOS, halmashauri kwa kikundi cha kijamii, Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa bima.
4. Kukiwa na jinai, kama wizi, vitisho au kughushi, toa taarifa polisi. Ukiombwa rushwa, piga 113, namba ya TAKUKURU, bila malipo.

9. Maswali ya kujipima

1. Andika majina ya watu na taasisi zote zilizoshika fedha zako leo: benki, simu, kikundi, mkopeshaji. Mbele ya kila jina, andika msimamizi wake. Lipo jina lililobaki bila msimamizi?
2. Unaambiwa mkopo wa shilingi 200,000 una riba ya asilimia 8 kwa wiki. Baada ya wiki 4 utakuwa umelipa riba ya shilingi ngapi? Ukomo wa kisheria kwa mwezi ungekuwa shilingi ngapi?
3. Mkutano mkuu wa mwisho wa kijiji au wa kikundi chako ulifanyika lini, na hesabu zilisomwa?

*Majibu ya swali la 2: shilingi 64,000; shilingi 7,000.* Majibu ya swali la kwanza na la tatu unayo wewe msomaji. Ikiwa katika swali la kwanza limebaki jina lisilo na msimamizi, anza na hilo kesho asubuhi, kabla hujamwongezea shilingi nyingine.